Unaweza Kuwa wa Dini Mbili, Shida Ni Ukianza Kuuliza

Kwenye gemu ya Morrowind unaweza kuwa muumini wa dini mbili zinazopingana, ukapanda cheo kwa zote mbili, na hakuna mtu atakufukuza. Hii si ujanja wa kuvunja gemu. Asubuhi unaingia kwa Hekalu la wenyeji, unajiandikisha. Jioni unatembea hadi mji wa Ebonheart, unaingia kwa kanisa dogo ndani ya ngome ya wakoloni, unajiandikisha huko pia. Kesho yake pande zote mbili zinakutuma kazi kama kawaida.

Wasee wengi nimeongea nao wanasema huo ni uzembe wa waliounda gemu, ati walisahau kufunga mlango. Mimi nasema hapana. Hapo ndipo hii gemu inajua historia kuliko vitabu vingi tulivyopewa shuleni. Na kabla mtu aniulize kama nimesomea historia: nilianza chuo, sikumaliza, lakini kusoma sijawahi kuacha. Twende.

Kwa wale hawajaicheza

Morrowind ilitoka 2002, kutoka kwa Bethesda, wale wale waliotupa Oblivion 2006 na Skyrim 2011. Ni nzee kiasi kwamba hata laptopu ya mitumba inaibeba bila kulia. Unaanza ukiwa mfungwa. Meli inakushusha kijiji kinaitwa Seyda Neen, kwenye kisiwa cha Vvardenfell, chenye volkano kubwa katikati. Kitu cha kwanza kabisa unachofanya ukishuka ni kusimama mbele ya karani wa serikali ukiandikishwa: jina, kabila, kazi. Mkenya yeyote akifika hapo anajua yuko kwa nchi ya aina gani.

Wenyeji ni Dunmer, watu wenye ngozi ya rangi ya majivu na macho mekundu. Wageni ni Himaya. Hao wamekuja na ngome, wanajeshi, ushuru, na dini yao.

Hekalu la wenyeji linaabudu miungu watatu wanaoishi: Vivec, Almalexia na Sotha Sil. Nikisema wanaoishi namaanisha hivyo kabisa. Kuna mji mzima unaitwa Vivec, na Vivec mwenyewe yuko ndani ya kasri lake hapo, na gemu ikifika mbali unaingia na kuongea naye ana kwa ana. Zamani hao watatu walikuwa watu wa kawaida tu. Vile walivyogeuka kuwa miungu ni swali tutalirudia, kwa sababu ndilo swali linalofunga watu jela.

Dini ya Himaya nayo ina miungu tisa. Wanane ni wa kale. Wa tisa ni Tiber Septim, yule jenerali aliyeteka bara lote na kuanzisha Himaya. Aliteka, akafa, akafanywa mungu.

Kazi za dini zote mbili zinafanana

Kila dini ina ngazi kumi za vyeo, na kwa zote mbili unaanza ukiitwa mlei. Mlei tu, kama wa jumuiya ndogo ndogo.

Hekalu linakutuma hija. Kuna vituo saba, na kila kimoja kina hadithi ya wema fulani wa Vivec na kitu cha kutoa. Kituo ninachokipenda kiko kwa mashamba ya Kummu. Hadithi ni kwamba Vivec alikutana na mkulima maskini ambaye mnyama wake wa kazi alikuwa amekufa na mavuno yanangoja. Mungu akavua nguo zake za kifahari, akaingia shambani, akafanya kazi ya mnyama mpaka mavuno yakaisha. Wewe ukifika hapo huachi dhahabu. Unaacha kiasi kidogo cha ute wa mmea, ule ule ambao yule mkulima alikuwa anavuna. Hicho ni kituo cha unyenyekevu.

Dini ya Himaya nayo inakutuma kuchuma mimea ya dawa ili waganga wao watibu watu. Ukipanda kidogo unaanza kuzunguka ukikusanya sadaka kutoka kwa ofisi za wageni pale Ebonheart. Kuna kazi moja ya kutafuta chupa za brandi kwa ajili ya karamu ya kuchangisha pesa. Yaani harambee. Huko nako mambo ni yale yale.

Sasa niambie, mtu akichuma dawa za wagonjwa Jumatatu na kwenda kituo cha unyenyekevu Jumanne, amemkosea nani? Kwa mtu wa chini, hizi dini mbili hazigongani. Zote zinamwambia asaidie maskini, aponye mgonjwa, atoe kidogo alichonacho. Gemu inakufanya uone hivyo kwa miguu yako mwenyewe, ukitembea kilomita nyingi ukibeba mimea.

Hii akili ilitoka wapi

Aliyeongoza usanifu wa Morrowind anaitwa Ken Rolston. Kabla ya kuingia kwa gemu za kompyuta alikuwa kwa zile za mezani, za karatasi, kete na marafiki. Miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa anasimamia RuneQuest kwa kampuni ya Avalon Hill.

RuneQuest ilitoka 1978, miaka minne baada ya Dungeons & Dragons. Kwa ile ya 1974, dini ilikuwa hasa kazi ya mhusika mmoja, kasisi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaponya wenzake wakiumia vitani. RuneQuest iligeuza hiyo maneno. Ulimwengu wake, Glorantha, ulibuniwa na Greg Stafford, mtu aliyependa visasili kuliko mapanga, na huko kila mtu anaweza kuwa wa dini fulani: mkulima, mwizi, mfanyabiashara, mwanajeshi. Dini inakupa uchawi, lakini pia inakupa ndugu, majukumu na maadui. Unaanza ukiwa mlei. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyodai muda wako na mapato yako, mpaka ukiwa kuhani maisha yako karibu yote ni yake.

Mwaka wa 1979 walitoa kitabu kizima cha dini tu, Cults of Prax. Kila dini imeelezwa kwa mpangilio: visasili vyake, historia yake, nafasi yake kwa jamii, nani rafiki yake na nani adui. Ukisoma mpangilio huo kisha ucheze Morrowind, utasikia sauti ileile. Sioni kama ni bahati.

Na Glorantha ina shujaa wa mada yetu ya leo. Anaitwa Arkat. Katika vita vyake dhidi ya mungu aliyeitwa Nysalor, Arkat alihama kutoka dini moja hadi nyingine, kila mara akichukua nguvu za dini mpya na kuwaacha waliomlea. Mwishoni alikuwa amevuka hata mpaka wa ubinadamu, akawa troli. Alishinda. Lakini mpaka leo ndani ya ule ulimwengu watu wanabishana: alikuwa mkombozi, au yeye ndiye alikuwa yule mdanganyifu aliyedai kumwinda? Kila dini aliyoipitia ina jibu lake.

Tofauti ya Arkat na yule mlei wako wa Morrowind ni moja. Arkat aliingia ndani kabisa mwa kila dini, akajua siri zake, kisha akatoka nazo. Hapo ndipo moto unapowaka. Shikilia hiyo tukirudi Vvardenfell.

Mkataba

Kwa nini Hekalu linavumilia kanisa la wakoloni kwenye kisiwa chake kitakatifu? Kwa sababu ya mkataba. Zaidi ya miaka 400 kabla ya mwaka gemu inapoanza, Tiber Septim alikuwa anateka nchi moja baada ya nyingine. Alipofika Morrowind, Vivec hakupigana mpaka mwisho. Aliketi naye, wakaandikiana. Vivec akatoa silaha moja ya kale, jitu kubwa la chuma linaitwa Numidium, na Septim akalitumia kumaliza kuteka sehemu zilizobaki. Morrowind ikaingia ndani ya Himaya, lakini ikaruhusiwa kubaki na dini yake na desturi zake.

Angalia walioketi kwa ile meza. Upande mmoja Vivec, mungu wa Hekalu. Upande mwingine Tiber Septim, ambaye baadaye akawa mungu wa tisa wa Himaya. Kwa hivyo wewe mwenye kadi mbili, unayesali asubuhi huku na jioni kule, unawaabudu watu wawili waliotia sahihi karatasi moja. Hizo dini hazina ugomvi mkubwa vile. Wenyewe walielewana zamani.

Na desturi zilizoruhusiwa zilikuwa gani? Moja ni utumwa. Sehemu nyingine za Himaya utumwa ni haramu. Morrowind ni halali, kwa sababu mkataba unasema wenyeji waachiwe mambo yao. Kwa hiyo kuna kanisa la Himaya linalomwabudu Stendarr, mungu wa huruma, na karibu tu kuna mashamba na migodi ambapo watu wa jamii za Khajiit na Argonian wamefungwa bangili za utumwa. Kanisa limenyamaza. Hekalu limenyamaza. Kuna watu hawakualikwa kwa ile meza, na wao ndio wanaolipa bei ya uvumilivu wa dini.

Halafu kuna ardhi, maanake hakuna historia ya wakoloni bila ardhi. Kwa muda mrefu kisiwa cha Vvardenfell kilikuwa hifadhi ya Hekalu. Mwaka wa 414 wa Enzi ya Tatu kikafunguliwa kwa walowezi. Gemu inaanza 427. Yaani unafika miaka 13 tu baada ya watu kuanza kugawana. Ndiyo sababu kila mahali unaona miji mipya, ngome mpya, na familia kubwa zikikimbizana na vibali vya kujenga.

Wizara ya Ukweli

Sasa tufike kwa jela.

Juu ya mji wa Vivec kuna mwamba mkubwa unaoelea hewani. Hekalu linafundisha kwamba mwamba huo ulikuwa unaanguka kutoka mbinguni uangamize mji, Vivec akausimamisha kwa nguvu zake. Watu wanaishi chini yake kila siku. Na ndani ya mwamba huo Hekalu limechimba gereza. Linaitwa Wizara ya Ukweli. Hilo jina si langu, ndivyo linavyoitwa.

Nani amefungwa humo? Ungedhani ni makasisi wa Himaya. Hapana, hao wanalindwa na mkataba. Wewe mwenye kadi mbili? Hapana, wewe uko nje ukikusanya sadaka. Anayewindwa na kutupwa humo ni kuhani wa Hekalu lenyewe, aliyesoma sana, aliyeapa, aliyeamini, kisha akauliza swali.

Swali lenyewe ni la historia. Kulikuwa na vita chini ya ile volkano, mwaka wa 700 wa Enzi ya Kwanza. Kiongozi wa Dunmer, Nerevar, alikufa. Washauri wake Vivec, Almalexia na Sotha Sil wakawa miungu. Hekalu lina simulizi rasmi linalofundishwa kila mtu. Lakini lina pia maandiko ya siri, yanayosomwa na viongozi wachache, na hayo yanatilia shaka lile simulizi rasmi. Makuhani wapinzani wanasema kile kilichoandikwa gizani: kwamba nguvu za hao miungu watatu zilitolewa kwa Moyo wa mungu aliyekufa, uliokuwa chini ya mlima, na kwamba huenda Nerevar hakufa tu vitani. Huenda washauri wake walimuua.

Kwenye hadithi kuu ya gemu unatumwa kumtafuta Mehra Milo, kuhani mtunza maktaba wa Hekalu. Unaenda maktabani, hayupo. Amepelekwa juu, kwa ule mwamba. Unapanda kumtoa na kumpeleka Holamayan, nyumba ya watawa wapinzani ambayo mlango wake hufunguka alfajiri na machweo pekee. Hakuwa na dini mbili, huyo. Alikuwa na moja, na aliipenda kiasi cha kutaka iseme ukweli.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini mlango wa dini mbili uliachwa wazi. Hekalu halimwogopi mtu mwenye mguu mmoja nje. Huyo hajui kitu, anabeba mimea na kutoa sadaka, aje aende. Linamwogopa mtu ambaye miguu yote iko ndani na amefungua kabati la maandiko.

Si gemu tu

Hapa kwetu kuna kisa kimoja ambacho kila nikifikiria Wizara ya Ukweli kinanijia. Mwaka wa 1929, misheni ya Church of Scotland huko Kikuyu iliwataka walimu na wazee wake wa kanisa waweke sahihi au alama ya kidole gumba. Ahadi ilikuwa na sehemu mbili: kuacha tohara ya wasichana, na kuacha Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kinadai ardhi. Waliotia kidole wakaitwa kirore. Waliokataa wakatoka.

Niseme wazi ili mtu asinilishe maneno: kukeketa wasichana ni ukatili, sheria ya Kenya ya 2011 inakataza, na mimi siutetei. Ninachotazama ni ile karatasi. Angalia mambo mawili yaliyounganishwa kwa alama moja ya kidole, desturi ya mwili na siasa ya ardhi. Na angalia nani aliyedaiwa. Si wale ambao hawajawahi kukanyaga kanisani. Ni walimu na wazee, watu wa ndani, waliosoma na waliokuwa wameanza kuuliza ardhi ilienda wapi.

Walioondoka hawakumwacha Mungu. Walianzisha makanisa yao na shule zao, za Kikuyu Independent Schools Association na za Karing'a, wakaendelea kusoma Biblia ile ile. Kwa miaka mingi walikuwa wameishi na vitu viwili, na wengi hawakuona ugomvi mpaka ilipoletwa karatasi. Baadaye, Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ikafunga nyingi ya shule hizo. Shule yenye Biblia lakini isiyo na mzungu wa kuisimamia ilikuwa hatari kuliko kijiji kisichojua kusoma.

Guka wangu ni mzee wa kanisa. Kwa ruracio, kabla ya kunywa, humwaga tone kidogo chini kwa waliotangulia. Hakuna mtu amewahi kumletea karatasi ya kutia kidole. Na nadhani najua sababu: hajawahi kuuliza pesa za jengo jipya zilienda wapi.

Pale gemu inakosea

Si ati Morrowind iko sawa kwa kila kitu. Kuwa wa dini mbili kunakugharimu kidogo mno. Kuna kipimo cha jinsi kila mtu anavyokupenda, na uanachama wako unahesabiwa humo, lakini ukitoa zawadi kidogo au maneno matamu, shida inaisha. Hakuna mama anayelia kwa sababu umebadilika. Hakuna mchumba anayeambiwa na wazazi wake achague. Hata cheo cha juu kabisa unaweza kukifikia huku na huku, na hapo mimi nakataa. Mlei wa dini mbili, sawa. Kiongozi mkuu wa dini mbili, hapana, maanake huko juu ndiko kabati la siri liko. RuneQuest ya 1978 ililijua hilo vizuri zaidi: kadiri unavyopanda ndivyo unavyofungwa.

Skyrim nayo ilienda upande mwingine. Huko, miaka kama 200 baadaye, mkataba mwingine unapiga marufuku kumwabudu Talos, ambaye ni yule yule Tiber Septim, na nchi inagawanyika vitani. Ukijiunga na upande mmoja, mwingine unakuwa adui yako. Watu wengi wanasema hiyo ndiyo picha halisi ya dini kugongana. Mimi naiona kama picha ya siku ya mwisho tu, ile karatasi ikishaletwa. Morrowind inakuonyesha miaka yote ya kabla, wakati mtu angali anaweza kusali pande mbili na kulala vizuri, huku juu ya kichwa chake kuna mwamba wenye wafungwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia wewe ni mnafiki kwa sababu unaenda kanisani na bado unaheshimu mila za kwenu, au umezaliwa nyumba ya Waislamu na Wakristo na unakula sikukuu zote, usikimbilie kujitetea. Muulize nani anataka uchague, kwa nini anataka leo, na karatasi anayokuletea imebeba nini kingine ndani. Halafu angalia ni nani kwa hiyo dini tayari amefungwa, na alikuwa ameuliza nini.

Na kama utaicheza Morrowind wikendi hii, jiunge na zote mbili. Maliza hija, kusanya sadaka. Kisha upande ule mwamba ukamtoe Mehra Milo.